Jinsi ya kutumia AI kwenye ofisi ya malori na kliaringi (kutoa mizigo forodhani): mwongozo kamili kwa wanaopeleka mizigo Dar, Tunduma mpaka Congo

Wadau wa usafirishaji, AI inaongelewa sana sasa hivi lakini ukimuuliza mtu wa opareshini anaitumia kufanyia nini hasa anakwambia anaandikia barua. Sawa, barua nayo ni kazi, ila hela yetu haipotelei kwenye barua. Inapotea pale idadi ya katoni kwenye invoisi haifanani na pakingi listi (orodha ya vilivyofungashwa) na deklarasheni ishaingia kwenye mfumo wa forodha, inapotea kontena likilala bandarini kwa sababu ya karatasi moja, inapotea dereva kakwama mpakani katuma voisi usiku wa manane na hamna aliyeisikiliza mpaka asubuhi mteja anapopiga simu kufoka. Ukiangalia vizuri hizo zote ni kazi za kusoma, kulinganisha na kuandika, na hapo ndo hizi AI za kuandika zinafaa kweli kweli.

Naongelea ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot na wenzao. Yoyote utakayochagua inatosha kuanzia, usipoteze wiki nzima unalinganisha ipi bora.

Kitu kimoja ukishike kabla hujaendelea: hizi AI zinafanya kazi vizuri ukizipa karatasi zako zisome. Ukiiuliza kitu kutoka kichwani mwake, mfano ushuru wa bidhaa fulani, foleni ya Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Congo) leo ikoje au kanuni mpya ya mpakani, itakujibu kwa kujiamini kabisa hata kama haijui, na sentensi yake itakuwa nzuri kiasi kwamba karani mgeni ataiamini. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inaenda hivi: unaipa karatasi, inasoma, mtu anahakiki na mtu ndo anasaini.

HATUA YA 1: Andaa akaunti na sheria za ofisi

Fungua akaunti ya ofisi, siyo kila karani atumie ya kwake ya simu. Ukiweza lipia, ChatGPT Plus kwa mfano ni kama dola 20 kwa mwezi, hela ambayo siku moja ya demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) inaweza kuila. Alafu ingia kwenye settings uzime ile sehemu inayoruhusu mazungumzo yako kutumika kufundishia modeli. Usiiruke hii, maana invoisi ya mteja wako ina bei anayonunulia, na bei anayonunulia ndo siri kubwa ya biashara yake.

Taarifa za watu nazo zina sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na pasipoti ya dereva, leseni yake, namba yake ya simu vyote vinaingia humo. Kanuni nyepesi ya ofisini: namba za akaunti za benki, pasipoti na TIN zinafutwa au kufunikwa kabla hati haijapandishwa. Kwa kulinganisha hati za mzigo huzihitaji hizo hata kidogo.

Skani vizuri. Picha ya simu iliyopigwa kwenye dashibodi ya gari na kivuli cha mkono itasomwa vibaya, 8 itakuwa 3 na 0 itakuwa 6. Ukipata PDF halisi toka kwa msafirishaji (yule aliyetuma mzigo) tumia hiyo badala ya picha ya karatasi iliyoprintiwa.

HATUA YA 2: Kulinganisha hati kabla ya kuingiza deklarasheni

Kama utafanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu basi fanya hiki. Chukua B/L (hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli), invoisi na pakingi listi za shehena moja, pandisha zote kwa pamoja, alafu pesti maelekezo haya:

"Wewe ni karani wa hati kwenye ofisi ya kliaringi. Nimekupa B/L, invoisi na pakingi listi za shehena moja. Tengeneza jedwali lenye safu hizi: kinachoangaliwa, B/L inasemaje, invoisi inasemaje, pakingi listi inasemaje, zinafanana au la. Angalia jina la mpokeaji, namba ya kontena, namba ya sili (lakiri ya kontena), idadi ya vifurushi, uzito wa grosi (pamoja na vifungashio), uzito wa neti (bidhaa peke yake), maelezo ya mzigo, thamani na sarafu, Inkotemu (masharti ya nani analipia usafiri na bima), bandari ya kushushia na mwisho wa safari. Nakili kila namba kama ilivyoandikwa, usirekebishe, usikadirie. Kisichosomeka andika HAKISOMEKI. Kisichokuwepo andika HAKIPO."

Hizo sentensi za mwisho ndo zenye kazi. Usipoziweka AI ina tabia ya kukusaidia kupita kiasi, ikiona namba imekosewa kwenye hati moja inairekebisha kimya kimya ifanane na nyingine, yaani inakuficha kosa lenyewe ulilokuwa unalitafuta.

Tuseme ni kontena la futi 20 la vigae kutoka Guangzhou kwenda Lubumbashi kupitia Dar. B/L inasema katoni 1,240, invoisi katoni 1,240, pakingi listi katoni 1,204. Jicho la mtu aliyechoka linapita hapo bila kuona kitu, 1,240 na 1,204 zinafanana mno. Jedwali litakuandikia HAZIFANANI na unampigia msafirishaji akutumie pakingi listi iliyosahihishwa wakati meli bado iko baharini. Au invoisi inasema vigae vya sakafu, B/L inasema vifaa vya ujenzi tu, hiyo nayo inaonekana mapema na unaomba marekebisho kabla meli haijafika, maana meli ikishafika marekebisho ya B/L yanakuwa na gharama yake na muda wake.

Sasa namba ya kontena. Hapa kuna ukaguzi ambao watu wengi wa kliaringi hawautumii na ni wa bure. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho, inayochorwa ndani ya kiboksi kwenye mlango, inatokana na hesabu ya zile 10 za mbele yake. Kiwango chake kinaitwa ISO 6346. Kila herufi ina thamani (A ni 10, B ni 12, C ni 13, zinaendelea hivyo zikiruka 11, 22 na 33), unazidisha nafasi ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea kuzidisha mara mbili mpaka nafasi ya kumi ambayo ni 512, unajumlisha, unagawa kwa 11 na kinachobaki ndo tarakimu ya mwisho (ikibaki 10 inaandikwa 0). Mfano CSQU3054383: jumla yake inakuja 6,185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na kweli namba inaishia na 3. Karani akikosea tarakimu moja tu, karibu kila mara hesabu inakataa.

Usiiambie AI ikokotoe hiyo kichwani, kwenye kuzidisha inaweza kuteleza. Iambie hivi: "niandikie fomula ya Excel inayohakiki tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena kwa ISO 6346, namba iko seli A2". Ijaribu kwa huo mfano wa juu, kisha badilisha tarakimu moja makusudi uone kama inakataa, ikifaulu majaribio yote mawili fomula hiyo unayo maisha. Na huu mtindo utumie kwenye hesabu zote: AI iandike fomula, Excel ndo ipige hesabu.

HATUA YA 3: HS kodi (namba ya forodha ya kundi la bidhaa), hapa kwa tahadhari

AI inafaa kukupa pa kuanzia. Unaieleza bidhaa kwa undani (imetengenezwa na nini, inafanya kazi gani, inauzwa mbichi au imeshakamilika) unaiomba ikupe namba 3 za HS zinazowezekana na sababu ya kila moja, alafu wewe unafungua kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki unathibitisha. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima, sisi EAC tunaenda mpaka 8, kwa hiyo hata AI ikipatia hizo 6 bado zile 2 za mwisho ni zetu wenyewe na ndo mara nyingi inabuni.

Mfano wa mtego ni hao hao vigae. Zamani vigae vyenye gleizi (ule utando wa kung'aa juu) vilikuwa 6908 na visivyo na gleizi 6907. Toleo la HS la 2017 likaifuta 6908 na kuvihamishia vyote 6907. AI imesoma maandishi ya miaka yote kwa pamoja, ya 2010 na ya juzi, kwa hiyo inaweza kukutolea 6908 bila wasiwasi wowote, na ukiipesti hiyo kwenye mfumo umejitafutia kuulizwa maswali. Viwango vya ushuru ndo kabisa usiiulize. Ushuru wa pamoja uliobadilishwa Julai 2022 una ngazi za 0, 10, 25 na 35 asilimia, na juu yake kila mwaka wa fedha nchi zinaomba misamaha na nyongeza zinazotoka kwenye gazeti rasmi la EAC. Hiyo PDF ya gazeti ukiipata unaipandisha na kuuliza "bidhaa hii imetajwa wapi, ninukulie mstari wenyewe na namba ya ukurasa", hapo inakusaidia sana.

HATUA YA 4: Mpango wa kupakia na mizani

Sheria ya EAC ya udhibiti wa uzito ya 2016 inaruhusu mpaka tani 56 kwa gari la ekseli (mihimili ya matairi) 7, na semi ya kawaida ya ekseli 6 ukijumlisha mipaka ya ekseli zake unapata tani 50: usukani 8, mbili za kati 18, tatu za trela 24. Hizo ni kwa matairi ya kawaida ya mapacha, supa singo (tairi moja pana badala ya mapacha) ina hesabu yake ya chini zaidi.

Turudi kwenye kontena letu la vigae. B/L inasema grosi kilo 26,480. Hiyo mara nyingi haina uzito wa kontena lenyewe, ongeza kama kilo 2,230, jumla 28,710. Tuseme gari na trela tupu ni tani 18, unapata 46,710. Chini ya 50, safi? Hapana. Kontena la futi 20 likiwekwa nyuma kabisa ya trela refu, mzigo wote unakalia zile ekseli 3 za nyuma, na kwenye mizani za Vigwaza, Mikese, Makambako au Mpemba wanapima kundi la ekseli, hawaangalii jumla peke yake. Utalipishwa na utaambiwa upange upya, na kontena lenye sili ya forodha hulipangi upya barabarani kama magunia.

Kwa hiyo tengeneza karatasi ya Excel yenye vipimo vya kila trela uliyonayo: urefu, umbali toka kingipini (pini ya trela inayoshikana na gari) mpaka katikati ya ekseli za nyuma, uzito tupu kwa kila kundi la ekseli kama ulivyotoka kwenye mizani. Iombe AI ikuandikie fomula inayogawa uzito wa kontena kati ya kingipini na ekseli za nyuma kulingana na pale kontena litakapokaa. Ijaribu kwa safari ambazo tiketi zake za mizani unazo kwenye faili, ikitofautiana sana na tiketi basi kuna kipimo umeingiza vibaya. Na kama una VGM (uzito uliothibitishwa) ya kontena tumia hiyo kuliko ya B/L, VGM ni lazima kwa kila kontena lenye mzigo linalopanda meli tangu Julai 2016 na uzito wa kontena umo ndani yake.

HATUA YA 5: Siku za bure, demareji na kurudisha kontena tupu

Pandisha barua ya masharti ya laini (kampuni) ya meli uiulize AI maswali matatu: siku za bure ni ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, na bei inapandaje baada ya hapo. Idai inukuu sentensi yenyewe. Swali la pili ndo linalogombanisha watu. Kama siku ya kushushwa inahesabika kuwa siku ya 1, siku ya mwisho ya bure ni tarehe ya kushushwa ukijumlisha siku za bure ukatoa 1. Kama hesabu inaanza kesho yake hutoi hiyo 1. Siku moja hiyo ukizidisha kwa makontena 20 ya mteja mmoja ni hela ya kulipia mishahara.

Fomula ni nyepesi tu, tarehe ya kushushwa ikiwa B2, siku za bure C2 na siku ya kushushwa ikihesabika kuwa siku ya 1: =MAX(0,TODAY()-(B2+C2-1)). Hiyo inakupa siku ulizopitiliza, na siku zilizobaki ni =B2+C2-1-TODAY(). Kila asubuhi kopi mistari ya makontena yaliyobakiza siku 3 au pungufu, ipesti kwa AI uiombe iandike meseji fupi kwa kila mteja: kontena lipi, siku ya mwisho ni lini, na karatasi gani tunamsubiri yeye alete. Mteja akipata meseji hiyo siku 3 kabla hawezi kuja kukwambia hakujua.

HATUA YA 6: Voisi za madereva

Madereva wetu hawaandiki, wanaongea, na wana haki yao, mtu kashusha mlima wa Kitonga na tani 50 mgongoni humwambii ajaze fomu. Wanatuma voisi na ndani ya dakika 2 za voisi kuna taarifa zote, ila zimechanganyika na salamu na malalamiko ya posho.

Pata programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, nyingi zinakubali Kiswahili japo zinahangaika na majina ya sehemu na maneno ya barabarani. Dawa yake ni kuipa orodha kabla: Vigwaza, Mikese, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Makambako, Mpemba, Tunduma, Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa, na maneno kama utingo, propela, bebi woka, kupasua tairi, kupaki, kuslip foleni, unayoyajua wewe kwenye fliti yako. Alafu maelekezo:

"Hii ni voisi ya dereva. Toa vitu hivi tu: gari namba gani, yuko wapi, saa ngapi, hali ya gari, hali ya mzigo na sili, anasubiri nini, anahitaji nini toka ofisini. Ambacho hajasema andika HAJASEMA. Usibuni muda wa kufika."

Huo mstari wa kutobuni muda wa kufika usiusahau. Bila huo AI inaandika "anatarajiwa kufika kesho mchana", unamforwadia mteja wa Lubumbashi, na yeye anaandaa watu wa kushusha. Dereva hakusema hivyo kabisa.

Voisi ikitaja ajali, sili kukatika, mtu kuumwa au askari, AI isimjibu dereva. Mpigie. Mtu aliyekwama porini anahitaji kusikia sauti ya mtu anayemfahamu, nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona ofisi zinaanza kuweka majibu ya mashine hata huko.

HATUA YA 7: Kifaransa na Kichina

Kwa mzigo wa Congo na Burundi hati nyingi zinakuja kwa Kifaransa, na kwa wanaonunua China baadhi ya pakingi listi zina Kichina tupu. Hapa AI ni msaada mkubwa wa haraka. Zingatia kitu kimoja: ukiomba tafsiri, omba pia orodha ya maneno ambayo yana maana zaidi ya moja. Alafu kwa hati yenye nguvu ya kisheria kama mkataba au barua ya madai, tafsiri ya AI ni ya kukuelewesha wewe tu, ya kupeleka kwa mtu atafute mtafsiri. Na FERI ya OGEFREM (hati ya taarifa za mzigo inayodaiwa na shirika la serikali ya Congo) kwa mzigo wa Congo maelezo yake yaandikwe sawa sawa na B/L, usiache AI ipambe maelezo ya bidhaa kwa Kifaransa kizuri kikawa tofauti na hati.

HATUA YA 8: Kotesheni na majibu kwa wateja

Wamarekani wameshaenda mbali hapa, C.H. Robinson, dalali mkubwa wa mizigo kule, tangu 2024 anatumia AI kusoma imeili za wateja wanaoomba bei na kuwajibu. Sisi tuanze chini: AI isome ombi la mteja, itoe toka wapi, kwenda wapi, mzigo gani, uzito, tarehe, na iorodheshe alichosahau kusema. Bei inatoka kwenye jedwali lako ambalo mtu kaliandika leo na dizeli ya leo.

Ukifikiria kuweka chatiboti ya kujibu wateja yenyewe, jua kwamba maneno yake ni maneno yako. Februari 2024 baraza la madai la British Columbia, Canada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo ya uongo na chatiboti ya kampuni, utetezi kwamba chatiboti inajitegemea ulikataliwa. Kwa hiyo iruhusu iseme gari limefika wapi na hati gani zinakosekana, isiseme bei, isiahidi tarehe na isikubali madai ya mzigo ulioharibika.

Mwisho kuna upande wa pili, matapeli nao wanayo AI. Zamani imeili ya tapeli ulikuwa unaijua kwa lugha mbovu, sasa hivi inaandikwa vizuri kuliko ya mteja mwenyewe, na ile ya "tumebadilisha akaunti ya benki, lipeni huku" inakuja na nembo, sahihi na lugha ile ile ya laini ya meli mnayofanya nayo kazi. Weka utaratibu kwamba akaunti ikibadilika mhasibu anapiga simu kwenye namba iliyokuwepo kwenye faili tangu zamani, siyo namba iliyoko kwenye hiyo imeili, na POD (hati ya kuthibitisha mzigo umepokelewa) ya picha inakubalika baada ya mpokeaji mwenyewe kuthibitisha kwa simu. Anza na hilo wiki hii pamoja na jedwali la hatua ya 2, hizo nyingine zitafuata zenyewe makarani wakishazoea.